Kalavati la zege linapakwa nje, ndani na mdomoni. Mita za mraba nazihesabuje?

Fundi Kidevu (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni fundi rangi, niko Tanga, Ngamiani, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa. Ukuta wa kawaida simsumbui mtu: urefu mara kimo, natoa madirisha na milango, nimemaliza kabla mwenye nyumba hajamaliza chai yake. Leo nimekwama kwenye kitu cha mviringo chenye tundu katikati.

Kuna shule ya awali wanatengeneza uwanja wa watoto kuchezea. Wameletewa makalavati 14 ya zege, yale yale ya kupitisha maji chini ya barabara. Nimeyapima kwa futi kamba: upana wa nje, ukingo hadi ukingo, sentimita 110. Upana wa tundu, 90. Kwa hiyo unene wa zege ni sentimita 10. Urefu wa kila moja ni mita 1. Sita yatalazwa, matatu matatu yakiunganishwa, yawe mapango mawili ya watoto kutambaa. Nane yatasimamishwa, yajazwe udongo, yapandwe maua. Mwalimu mkuu anataka rangi nne, nyekundu, njano, bluu na kijani, na anataka bei mkononi Ijumaa.

Mimi nilipiga hivi: 1.1 mara 3.14 mara urefu wa mita 1, napata 3.45. Mara 14, mita za mraba 48 na kidogo. Ufundi nachaji Sh 3,000 kwa mita ya mraba, praima (rangi ya msingi) na mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, kwa hiyo Sh 145,000 hivi. Nikamwonyesha mpwa wangu, yuko kidato cha nne. Akaangalia karatasi, akacheka kwa pua. "Mjomba, hapa umepaka nje tu." Akachukua kalamu akaja na 96.8. Kwa bei yangu hiyo ni Sh 290,000.

Sasa nimekaa na namba mbili, moja ni mara mbili ya mwenzake. Nikipeleka ya kwangu naogopa kula hasara. Nikipeleka ya dogo naogopa kufukuzwa getini.

Na hofu yangu ina historia. Mwaka jana nilipata kazi ya mapipa 30 ya taka, yale ya lita 200 yaliyokatwa mfuniko. Upana wa pipa kama sentimita 58, kimo 88. Nikapiga mzingo mara kimo, 1.6, mara 30, mita 48. Tukapatana. Siku ya kuanza msimamizi anakuja ananiambia ndani pia, na chini pia, karatasi imesema "pipa lote". Kweli imesema, na sahihi ni yangu. Nilikuja kupiga hesabu kazi imeshaisha: ubavu wa nje 1.6, tako 0.26, halafu hivyo hivyo tena kwa ndani. Pipa moja 3.7, mapipa yote 112. Nimelipwa 48, nimepaka 112. Thina peke yake ilinimaliza. Mpaka leo mke wangu akiona pipa la taka barabarani ananiuliza, "Na lile ni lako?"

Naombeni msaada kabla ya Ijumaa. Na kama kuna njia ya kufanya bila herufi za Kigiriki, itakuwa vizuri zaidi.

Mzee wa Site

Mkuu mbona rahisi. Kalavati lina tundu, si ndiyo? Tafuta eneo la nje, tafuta la ndani, toa. 3.46 toa 2.83 unabaki na 0.63. Mara 14 ni kama mita 9. Lita mbili za rangi, hela nyingine kula na familia.

Mwalimu wa Jioni

Mzee wa Site, hilo kosa lako nimelisahihisha kwenye madaftari miaka mingi, kwa hiyo sikuonei. Unachanganya ujazo na eneo. Kama Fundi angeuliza zege kiasi gani limetumika kumwaga kalavati, hapo tunatoa: mche duara mzima, kama vile kalavati halina tundu, toa tundu. Lakini yeye anauliza rangi. Tundu linapunguza zege, ila linaongeza sehemu ya kupaka. Hupaki hewa ya tundu, unapaka ukuta wa tundu. Kwa hiyo tunajumlisha.

Fundi, kalavati moja lina nyuso nne. Ubavu wa nje, ubavu wa ndani, na midomo miwili, yaani zile ringi bapa za huku na huku. Wengi wanasahau midomo. Tuzichukue moja moja.

Ubavu wa nje: mzingo mara urefu. 3.14 mara 1.1 ni 3.45, ukitumia pai kamili (3.1416) inakuwa 3.46. Mara mita 1 inabaki hiyo hiyo.
Ubavu wa ndani: 3.14 mara 0.9, ni 2.83.
Mdomo: duara kubwa toa duara dogo. Hapa ndipo kutoa kunaporuhusiwa, Mzee wa Site, usinune. Nusu kipenyo cha nje 0.55, kikizidishwa kwa chenyewe ni 0.3025. Cha ndani 0.45, ni 0.2025. Tofauti ni 0.1 kamili. Mara 3.14, mdomo mmoja ni 0.314, miwili ni 0.63.

Jumla 6.91 kwa kalavati moja. Mara 14 ni 96.8. Mpwa wako hakukosea hesabu.

Sasa ile ya bila Kigiriki. Darasani tunaandika kanuni ndefu yenye R kubwa na r ndogo, ila ukiikunja vizuri inabaki hivi, na fundi yeyote anaweza kuibeba kichwani:

Mzingo wa nje jumlisha mzingo wa ndani, halafu zidisha kwa urefu jumlisha unene.

Basi. 3.45 na 2.83 ni 6.28. Urefu 1.00 na unene 0.10 ni 1.10. Zidisha, 6.91. Midomo imeshaingia humo humo. Kwa nini? Chukua mdomo mmoja kichwani mwako, ukate kwa kisu sehemu moja, uunyooshe kama mkanda. Upande mmoja wa mkanda una urefu wa mzingo wa nje, upande mwingine mzingo wa ndani, na upana wake ni unene wa zege. Eneo lake ni wastani wa mizingo miwili mara unene. Midomo ikiwa miwili, wastani mara mbili ni mizingo yote miwili ikijumlishwa. Ndiyo maana unene unapanda juu ya urefu kama vile kalavati limerefuka sentimita 10.

Mzingo wa nje upime kwa kamba, usihangaike na pai. Wa ndani kamba haikai vizuri, itakuangukia. Pima wa nje, kisha toa unene mara 6.28. Hapa 3.46 toa 0.63, unapata 2.83 yako.

Fundi Kidevu

Mwalimu, hiyo ya mizingo miwili nimeiandika kwa wino kwenye kifuniko cha sanduku la vifaa. Kwa hiyo dogo yuko sahihi, nipeleke 290,000? Ameshaanza kutembea kifua mbele hapa nyumbani.

Swali la nyongeza: yale mapipa, mbona sikuhitaji unene?

Mwalimu wa Jioni

Bati la pipa ni jembamba mno, halifiki hata milimita mbili. Mzingo wa nje na wa ndani ni kama mmoja, na mdomo wake ni uzi. Kwa bati unapiga nje mara mbili, imetosha. Unene uanze kuuhofia kwenye zege, mbao nene, tofali, vyungu vikubwa. Kwenye kalavati lako, ukisema ndani ni sawa na nje na kusahau midomo utapata 6.91 pia! Angalia: 3.456 mara 2. Ni sadfa tu, kwa sababu urefu wako ni mita 1 na kosa moja limefuta jingine. Kalavati la mita 2 likija, usijaribu, utatoka nje.

Bi Brashi

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma hesabu za Mwalimu na nimezipenda, lakini ndugu yangu Fundi, usipeleke hiyo bei. Wewe umekosea na mpwa wako pia amekosea. Wewe umesahau kilichoko, yeye amehesabu kisichopakwa.

Mimi rangi nimepaka tangu marehemu baba angali hai, yeye ndiye aliyenifunza, na jambo alilonikataza ni kupiga hesabu nikiwa nimeketi. Nenda ukasimame pale uwanjani. Jiulize brashi itagusa wapi.

Anza na mapango. Makalavati matatu yakishaunganishwa, midomo minne inakutana yenyewe kwa yenyewe na kuzibwa kwa saruji. Hutaipaka hiyo. Inabaki midomo miwili tu, ya kuingilia na ya kutokea. Halafu kalavati la kulala haliwekwi juu ya ardhi hivi hivi, litabingirika na mtoto ndani. Lazima lizamishwe. Waulize watazamisha kiasi gani. Wakisema sentimita 15, chukua kamba, weka ncha moja ardhini upande huu, ipitishe juu ya mgongo wa kalavati hadi ardhini upande wa pili. Usipime mzingo mzima, pima kilichoonekana. Kwa vipimo vyako nadhani kamba itakuja kama mita 2 na 60, si 3 na 46.

Sasa yale ya maua. Tako limekaa chini, halipakwi. Ndani kuna udongo, waupakia nani rangi ya njano, funza? Wapaka nje, mdomo wa juu, na ukanda mdogo wa ndani unaobaki juu ya udongo, kama sentimita 15.

Lakini ngoja, usifurahi mapema. Zege lenye udongo ndani hunyonya maji kila wakimwagilia maua, na maji yale hutokea nje. Miezi michache rangi yako ya nje itavimba malengelenge kama mtu aliyeungua na mafuta. Nilipaka vyungu vya zege vya hoteli moja huku, sikuziba ndani, na niliitwa nikavirudia bure kabla ya mwaka. Kwa hiyo ule ubavu wa ndani utaupaka, ila kwa rangi ya lami, mikono miwili, kabla udongo haujaingia. Bei yake ni rahisi kuliko rangi ya nakshi na haitaki urembo. Iweke mstari wake peke yake kwenye bei ili mteja aione.

Jambo la mwisho. Ndani ya pango la sentimita 90 utapaka kwa magoti, shingo imekunjwa, rola ya mpini mfupi, na hewa hakuna. Mita moja ya mle si sawa na mita moja ya ukutani. Mimi huongeza nusu ya bei.

Fundi Kidevu

Bi Brashi, shikamoo. Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Nimerudi uwanjani leo na kamba ya manila. Watazamisha sentimita 15 kweli. Moja walishalizamisha kwa majaribio, nikapitisha kamba mgongoni: mita 2.62. Sasa nimepiga upya, Mwalimu nisahihishe.

Pango moja lina urefu wa mita 3. Nje 2.62 mara 3, ni 7.86. Ndani 2.83 mara 3, ni 8.49. Midomo miwili 0.63. Jumla 16.98, naita 17. Mapango mawili, 34.

La maua: nje 3.46, mdomo mmoja 0.31, ukanda wa ndani 2.83 mara 0.15 ni 0.42. Jumla 4.19. Mara 8, ni 33.5.

Rangi ya kuonekana, jumla mita 67.5, nimeweka 68. Yangu ya kwanza ilikuwa 48, ya dogo 97. Nimemwambia dogo, kanyamaza, kisha akasema swali lilikuwa halijakamilika. Huyu atakuwa mwanasheria.

Lami: ndani ya la maua, chini ya ule ukanda, sentimita 85. 2.83 mara 0.85 ni 2.4, mara 8 ni 19 na kidogo.

Mwalimu wa Jioni

Safi. Midomo ya mapango nayo imezama kidogo chini, ila ni kiganja cha mkono, iache. Mtoto aliyekuambia swali halikukamilika ana haki, mtihani haumwambii wapi pamezama.

Muuza Rangi

Nimekaa kaunta ya duka la rangi miaka sita, nachangia upande wa makopo. Mita za mraba hazinunuliwi dukani, lita ndizo zinanunuliwa, na hapo katikati ndipo mafundi wengi wanapoangukia.

Kopo litakuambia lita moja inafunika mita 10 mpaka 12. Huo ni ukuta laini, uliopigwa skimu, na fundi hana haraka. Zege la kalavati lina matundu ya hewa na mchanga, linakunywa. Kwa praima hesabu mita 7 kwa lita. Kwa mikono inayofuata, zege likishashiba, hesabu 9. Kwa hiyo praima yako: 68 gawa kwa 7, lita 9.7. Chukua galoni tatu za lita 4, usichukue ndoo ya 20 halafu ikauke stoo.

Rangi zenyewe usijumlishe mita zote ukanunua kwa mkupuo, maana unazo nne. Gawa kwanza. Mfano kama nje ya mapango na midomo yake ni bluu, hiyo ni mita 17, na ndani njano, nyingine 17. Ya maua mawili mawili kwa kila rangi, mita 8.4. Bluu basi ni mita 25, mikono miwili ni 50, gawa 9, lita 5.6. Galoni moja na makopo mawili ya lita. Kijani mita 8.4, lita 2 zinakutosha.

Njano na nyekundu ndizo zenye ugomvi. Hazizibi. Unapaka mkono wa pili bado unaona mkono wa kwanza, na wa kwanza bado unaona zege. Praima iwe nyeupe, na hesabu mikono mitatu. Nyekundu lita 3. Njano mita 25 mara 3 gawa 9, lita 8 na nusu.

Mengine mawili. Hayo makalavati yalimwagwa lini? Zege halijafika siku 28 usilipake, na rangi ya mafuta usiweke kabisa kwenye zege changa. Chokaa iliyomo kwenye saruji inaigeuza ile mafuta kuwa kama sabuni, inabanduka vipande. Tumia praima inayostahimili zege na rangi ya maji ya nje. Na kwa kuwa ni watoto, na watoto wanalamba kila kitu, uliza dukani rangi isiyo na madini ya risasi, wakuonyeshe maandishi kwenye kopo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Rangi za mafuta za manjano na nyekundu za bei ya kutupa ndizo za kuogopa zaidi. Huko pangoni pia usiingie na thina, utatoka unaimba.

Mzee wa Site

Nimekubali nimekosea, mita 9 naziondoa. Ila swali la kweli: bei ya ufundi inakuwaje mwishoni? Maana mteja hatakuuliza mizingo.

Fundi Kidevu

Hii hapa, Mzee wa Site. Ndani ya mapango mita 17 kwa 4,500 kama alivyoshauri Bi Brashi, ni 76,500. Zilizobaki 51 kwa 3,000, ni 153,000. Lami mita 19.2 kwa 1,500, ni 28,800. Ufundi wote Sh 258,300. Rangi anunue mwenyewe, nimpe orodha. Baada ya yale mapipa sinunulii mtu rangi.

Na kwenye karatasi nitaandika neno kwa neno: nje juu ya ardhi, midomo inayoonekana, ndani ya mapango, ukanda wa sentimita 15 juu ya udongo. Neno "lote" halitakuwemo.

Kijana wa Pangani

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nina kuba ndogo ya msikiti, upana wa nje mita 3, nusu tufe kamili, zege sentimita 10, wanataka nje nyeupe na ndani kijani. Hiyo kanuni ya mizingo inafanya kazi?

Mwalimu wa Jioni

Haifanyi, kuba si mche. Lakini yako ni rahisi kuliko ya Fundi. Eneo la nusu tufe ni mzingo wa chini mara kimo chake. Kwa nje mzingo ni 3.14 mara 3, yaani 9.42, kimo ni mita 1.5, unapata 14.1. Kwa ndani upana ni 2.80, mzingo 8.79, kimo 1.4, unapata 12.3. Mdomo umekaa juu ya ukuta, haupakwi. Archimedes ndiye aliyelionyesha jambo hilo, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Hakikisha tu kimo kweli ni nusu ya upana. Kuba nyingi zimechongoka juu au zimefura ubavuni kama kitunguu, hapo uanzishe uzi wako.

Bi Brashi

Na bei ya mirunda usiisahau, mwanangu. Kuba haipakwi kutoka chini.

Fundi Kidevu

Wakuu, wiki tatu zimepita, nimeona nirudi nisije nikawa kama wale wanaosaidiwa wakapotea.

Mwalimu mkuu aliisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, miwani puani. Akauliza lami ya nini, nikamweleza habari ya malengelenge, akaita mtunza bustani naye akathibitisha. Tukashukiana mpaka Sh 250,000. Makalavati yalikuwa na miezi miwili tangu kumwagwa, kwa hiyo hatukusubiri.

Praima galoni tatu zimeisha na chini ya kopo nilikwangua. Vipimo navyo si vya kuamini moja kwa moja: makalavati mawili yalikuwa na tundu la sentimita 88, na moja mdomo umemeguka, unene umebaki sentimita 7. Kwenye lita haikuonekana. Bluu ilitosha. Njano nilichukua galoni mbili, ikanifikisha kwa kubana, ile sehemu ya chini pangoni wanapotambaa nimeipa mikono miwili badala ya mitatu na sijamwambia mtu. Nyekundu nilifanya ubahili, nikamwandikia lita 2 badala ya 3 nikijua nimeonywa. Mkono wa pili ulipokauka zege lilikuwa linanichungulia. Kopo la tatu nimelinunua kwa hela yangu, aibu ya kumrudia ilinizidi.

Magoti yanauma hadi leo. Bi Brashi, ile nusu ya juu ni halali kabisa, mwakani naweka mara mbili.

Siku ya mwisho watoto waliachiwa mapumziko mapema kabla sijazungusha kamba. Pango la pili lilikuwa bado bichi. Nimesikia kelele, nageuka, naona mkia wa sare ukitokomea ndani. Walitoka upande wa pili saba, njano magotini, na viganja vya njano mgongoni kwa bluu kila mahali walipojishikilia kushuka. Nimerudia bluu kama mita mbili hivi. Hizo hazikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote humu.

Kijani imebaki robo kopo. Mpwa wangu ameichukua kama malipo ya ushauri, anapaka baiskeli yake. Nimemwambia rangi ya maji haishiki kwenye chuma, hasikii.